Usiuze vitambaa vyako, mama wa Temboni

SWALI: Shikamoo dada. Nina miaka 36 na watoto watatu: wa kwanza msichana wa miaka 11, wa pili miaka 6, kitinda mimba ana miezi 11 na bado ananyonya. Nakaa Kimara Temboni, nafanya kazi ya keshia duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo. Jumatatu mpaka Ijumaa naingia saa 1:30 asubuhi natoka saa 11 jioni, Jumamosi natoka saa 8 mchana. Mume wangu ni dereva wa lori la Tunduma, nyumbani anakuwepo siku tatu nne kila wiki mbili. Nina stashahada ya uhasibu ya mwaka 2012. Nataka kurudi kusoma niwe mhasibu kamili, nimechoka kuhesabu noti za watu. Nisome shahada Chuo Kikuu Huria au niingie CPA, ile mitihani ya bodi ya wahasibu, moja kwa moja? Nimepanga kusoma saa nne kila usiku nifanye masomo yote matano ya kwanza kwa mkupuo. Mama mkwe anasema muda wangu umepita. Halafu napenda sana kufuma vitambaa kwa kroshia, na naimba kwaya. Wifi yangu anasema kufuma nikufanye biashara nipate ada, la sivyo niache, nisome. Nifanye nini? Au kweli nimechelewa?
Mama wa watatu, Temboni

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Barua yako, ambayo hapa juu tumeifupisha, nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa na kalamu mkononi. Nimezungushia duara maneno "saa nne kila usiku". Tuanzie hapo, maana mengine yote uliyouliza yananing'inia kwenye kauli hiyo.

Unatoka dukani saa 11 jioni. Utembee mpaka kituo cha mwendokasi cha Gerezani, upange mstari, uyaache mabasi mawili yaliyojaa, upande la tatu ukiwa umesimama kwa mguu mmoja, ushuke Kimara Mwisho, uvizie daladala au bodaboda ya Temboni. Saa 1:30 usiku ndiyo unavua viatu, na mtoto keshanusa ziwa tangu uko mlangoni. Mpaka huyo anyonye, wenzake wale, madaftari yakaguliwe na soksi ya pili ya sare ipatikane, ni saa 3:30. Ongeza saa nne zako: saa 7:30 usiku. Na umeandika mwenyewe, kwenye ule ukurasa wa pili, kwamba saa 10:30 alfajiri unakuwa umeamka. Ratiba hiyo utaiweza siku mbili. Ya tatu utalalia kitabu. Ya nne utaanza kujiita mvivu, na hapo ndipo watu wengi wanapoacha.

Nayajua hayo kwa sababu yalinikuta. Kifungua mimba wangu alikuwa na miezi saba nilipojisajili masomo matano kwa pamoja, kisa nataka kuwaonyesha watu. Nilifaulu moja. Katika kujibana kule nikauza na cherehani yangu, eti inanila muda. Muda niliouokoa sikuusomea hata kidogo. Nilikuwa naketi kitandani naangalia ukuta. Cherehani nyingine nilikuja kuinunua baada ya miaka sita. Kwa hiyo ukisikia nasisitiza jambo la vitambaa vyako huko mbele, ujue nina kidonda.

Sasa tufanye hesabu ya mtu anayelala. Zima taa saa 4 usiku. Amka saa 10 alfajiri badala ya 10:30, soma mpaka saa 10:50, siku nne kwa wiki. Siku ya tano lala. Hizo ni saa 3 na dakika 20. Jumamosi ukishatoka kazini nenda nyumbani kwanza, mnyonyeshe mtoto, ule, kisha ondoka. Ondoka kabisa, usijifungie chumbani, kwa sababu mlango wa chumba cha mama haujawahi kumzuia mtoto yeyote Tanzania nzima. Kaombe chumba kanisani kwenu pale mnapofanyia mazoezi ya kwaya, soma saa 3. Jumapili baada ya chakula cha mchana, saa moja na nusu. Jumla ni saa 8 kasoro dakika 10 kwa wiki.

Zinaonekana chache. Lakini kutoka sasa mpaka mitihani ya Mei una wiki 16. Toa moja kwa ajili ya homa ya mtoto na nyingine kwa ajili ya masika, maana maji yakipita juu Jangwani na barabara ya Morogoro ikifungwa, wewe wa Kariakoo unaweza kufika nyumbani saa 4 usiku ukiwa na viatu mkononi. Zinabaki wiki 14, yaani kama saa 110. Kwa masomo matano ni saa 22 kila somo, na hizo ni za kufelia. Kwa masomo mawili ni saa 55 kila moja, na hapo mtu aliyekaa miaka zaidi ya kumi mbali na vitabu anaweza kuamka akapigana. Jisajili mawili. Hayo mengine matatu yatakungoja.

Chuo au CPA? Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA tunayoitaja wote, ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1972, na mitihani yake mikuu ni mara mbili kwa mwaka, Mei na Novemba. Njia ya CPA ina hatua tatu: ya msingi masomo 5, ya kati masomo 6, ya mwisho masomo 4. Kwa stashahada yako unaanzia ya msingi. Ukienda mawili mawili, ya msingi ni misimu mitatu, ya kati mitatu, ya mwisho miwili: misimu minane, miaka minne. Mimi sijawahi kumwambia mtu miaka minne. Weka misimu miwili ya kuanguka na kurudia, iwe mitano. Mtu akikuambia yeye hakurudia somo hata moja, muulize alikuwa na watoto wangapi.

Chuo Kikuu Huria nakipenda, nimepeleka watu wengi pale. Kiliundwa mwaka 1992 kwa ajili ya watu wa aina yako na yangu, wenye kazi na familia, na uzuri wake mkubwa ni kwamba kinakuacha utembee kwa mwendo wako. Lakini angalia ulichoandika: unataka kuwa mhasibu kamili. Ukimaliza shahada ya uhasibu utarudi palepale NBAA, na utakachokuwa umeokoa ni hatua ya msingi, masomo matano. Kwa miaka mitatu na zaidi ya ada ninaona ni bei kubwa. Ningekupeleka chuoni kama ungeniambia unataka ajira ya serikalini, kwa kuwa nafasi nyingi huko zinauliza shahada kabla ya kuuliza kingine chochote, au kama ungekuwa hujasoma uhasibu kabisa. Na usiiweke Bodi ya Mikopo kwenye mahesabu: miongozo yake imekuwa ikitaka mwombaji awe hajazidi miaka 35 na asiwe na kipato cha ajira. Wewe umeshapita kote kuwili. Ada itoke kwenye mgao wa kikoba. Umesema mnavunja Desemba. Basi fedha ya Mei iwe imelipwa kabla sare na madaftari ya Januari hayajaila.

Kuna jambo hukuuliza, na kwangu ndilo zito kuliko ada. Kufaulu mitihani yote peke yake hakutoshi kusajiliwa kuwa mhasibu kamili. Bodi inataka pia uzoefu wa kazi wa miaka mitatu, kazi ya uhasibu yenyewe. Kupokea hela, kutoa risiti ya mashine na kufunga droo jioni ni kazi ya heshima, lakini ukifika mwisho wa safari na hiyo peke yake utakuta mlango nusu. Kwa hiyo kazi inabidi ianze kubadilika sasa, wakati unasoma, na si lazima uhame duka.

Umetaja kwa kupita tu kwamba kuna "mhasibu wa nje anakuja kila mwezi na laptopu yake". Dada, huyo ndiye chuo chako. Anakuja kwa sababu ritani ya VAT, kodi ya ongezeko la thamani, inatakiwa Mamlaka ya Mapato, TRA, tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Mara nyingi mtu wa namna hiyo anachukia jambo moja: kukuta karatasi za mwezi mzima zimo kwenye boksi la misumari. Mwezi huu mpangie. Ankara za manunuzi kwa tarehe, za mauzo kwa tarehe, zenye VAT peke yake. Hakuna aliyekutuma, fanya tu. Akija akashangaa, muombe akufundishe kusuluhisha hesabu ya benki na daftari la fedha, yaani kutafuta kwa nini benki inasema hivi na daftari linasema vile. Baada ya miezi mitatu muombe bosi kazi hiyo iwe yako rasmi, iandikwe, hata kama mshahara haujapanda. Najua Kariakoo kuandikiana si desturi sana. Lakini karatasi hiyo ndiyo itakayokuwa shahidi wako mwaka wa tano.

Nibaki na bosi kidogo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida za kazi ni 45 kwa wiki. Za kwako, nikishatoa saa moja ya chakula kila siku, ni 48. Hizo tatu za juu ni za ziada, na saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu. Sheria hiyohiyo ndiyo iliyokupa siku 84 za likizo ya uzazi, na mama anayenyonyesha anaruhusiwa mpaka saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi kwa ajili ya mtoto. Sasa mtoto yuko Temboni na wewe uko Mtaa wa Kongo. Huwezi kwenda kumnyonyesha ukarudi. Lakini unaweza kuomba saa hizo zikusanywe mwisho wa siku, utoke saa 10 jioni badala ya 11. Ukifika Gerezani saa 10:15 unakutana na basi lenye viti. Unafika nyumbani saa 12 na ushee, kabla jua halijazama. Hilo moja linabadilisha jioni yako yote.

Usiende kwa bosi na vifungu vya sheria mkononi, atakuona umetumwa. Nenda siku biashara imetulia, mwambie mtoto bado ananyonya, unaomba saa moja jioni mpaka atimize miaka miwili, na wewe hesabu za mwezi utaziacha zimepangwa. Sheria kaa nayo mfukoni, itoke akikataa. Kuna ofisi moja niliyofanyia kazi zamani walinikatalia saa hizo mbili usoni, nikanyamaza kwa kutojua kwamba ni haki yangu. Maziwa yalikuwa yananivujia kwenye blauzi katikati ya kikao. Ni miaka mingi, na bado nikiikumbuka ile blauzi ya bluu nasikia aibu ambayo haikuwa yangu.

Nyumbani kwako mtu ninayemwogopea si mama mkwe. Ni huyu binti wa miaka 11. Umeandika kwa furaha kwamba "ananisaidia sana, mdogo wake analala mgongoni kwake". Yuko darasa la sita. Mama akianza kusoma na baba yuko Tunduma, nani atabeba mtoto? Nimeona nyumba mama anapata cheti na binti anaporomoka, na hakuna aliyekusudia. Pale unapoondoka Jumamosi, mtoto mdogo asiwe mgongoni kwa dada yake. Awe kwa dada wa kazi, au kwa bibi yake, au kwa baba yake siku alizopo. Binti mchukue uende naye kanisani, naye abebe daftari lake. Mkae meza moja, kila mtu na hesabu zake. Atakusumbua nusu saa ya kwanza, halafu atanyamaza.

Mama mkwe ukimjibu kwa maneno utashindwa; wana umri wote wa kushinda mabishano hao. Mpelekee mjukuu. Mwambie, "Mama, naomba Jumamosi uniangalizie huyu, naenda kusoma." Kama ni bibi wa kawaida atalalamika na kunyoosha mikono kwa wakati mmoja. Mumeo umesema "hajasema kitu". Dereva wa masafa aliyenyamaza mara nyingi anasubiri aambiwe kiasi. Mtajie kitu kimoja chenye tarehe: ada ya somo la pili, kabla ya dirisha la usajili kufungwa. Na siku akiwa nyumbani, jioni za watoto ni zake.

Sasa vitambaa.

Mji huu una ugonjwa wake. Ukipika maandazi mazuri, "uza". Ukisuka vizuri, "fungua saluni". Ukiimba, "rekodi". Hakuna mkono wa mwanamke unaoachwa upumzike bila kutafutiwa bei. Wifi yako hana nia mbaya, lakini tumpigie hesabu kwa lugha yako wewe. Umesema seti ile ya kijani ya makochi ilikuchukua wiki sita, nusu saa kila usiku, siku sita kwa wiki: saa 18. Uzi ulinunua kwa 22,000. Jirani alitaka kukupa 60,000. Inabaki 38,000, gawa kwa 18, ni shilingi 2,100 na ushee kwa saa. Si hela ya kudharau. Kama ungekuwa huna mshahara ningekuambia fuma mchana kutwa, na ningekutafutia wateja mimi mwenyewe.

Lakini una mshahara, na hiyo nusu saa inakufanyia kazi nyingine kabisa. Umeandika sentensi ambayo sidhani hata ulijua unaiandika: "nikifuma ndiyo nasikia kichwa kinashuka." Siku jirani atakapolipa nusu ya fedha, uzi huo unapata tarehe. Anapiga simu Alhamisi: dada, vitambaa vyangu? Harusi ni Jumamosi. Unafuma saa 5 usiku macho yanawasha, safu moja imeruka tundu, unafumua, unafuma upya. Kichwa hakishuki tena. Umepata 38,000 na umepoteza mahali pekee kwenye siku yako ambapo hakuna anayekudai. Halafu alfajiri ya saa 10 hutaamka, na ukiamka hutaelewa unachosoma.

Kwa hiyo fuma, bila kuuza. Ukisharudi mapema jioni, saa 3:30 mpaka saa 4 usiku ni ya kroshia, kisha taa. Ukimaliza seti, tandika kwako au mpe mtu zawadi. Kama mwaka wa ada umekubana kweli, uza moja ambayo tayari ilishakwisha kufumwa, usichukue oda.

Kwaya ni tofauti kidogo, na hapa najua utaninunia. Mazoezi mara tatu kwa wiki ni mengi mno kwa mtu wa ratiba yako, hasa jioni za katikati ya wiki unapofika saa 3 usiku. Muombe mwalimu wa kwaya ruhusa uwe unakuja Jumamosi jioni baada ya kusoma, na Jumapili uimbe. Wiki nne kabla ya mtihani usiende kabisa, na umwambie leo, asije akakupa sauti ya kuongoza ya Pasaka. Kwaya inavumilia mtu kutoka na kurudi. Mimi ya kwetu nimetoka na kurudi mara tatu, na nafasi yangu ya sauti ya pili bado ipo, pengine kwa sababu wa sauti ya pili siku zote ni wachache.

Kuhusu kuchelewa. Ukianza Mei hii, kwa hesabu yangu ile ya misimu kumi, unamaliza ukiwa na miaka 41. Umri wa kustaafu kwa lazima kwetu ni 60. Inabaki miaka 19 ya kufanya kazi ukiwa na CPA, mingi kuliko yote uliyofanya kazi mpaka leo. Usiposoma, hiyo 41 inakuja vilevile, nawe uko kwenye droo ileile.

Wiki hii fanya mawili tu. Jisajili kabla dirisha la Mei halijafungwa, ukiwa na stashahada yako na cheti cha kuzaliwa, na kama jina la kwenye cheti na la kwenye kitambulisho vinatofautiana kwa sababu ya ndoa, weka tayari na hati ya kiapo, utaokoa usumbufu. Halafu lile boksi la misumari: ankara za mwezi uliopita uzipange kabla mhasibu hajaja. Ulisema huwa anakuja tarehe 15.